Mteremko Mbele ya Kamera

Hofu ilimtangulia kuamka. Alipofumbua macho aliikuta imekwisha kukaa kifuani mwake, imetulia kama mgeni aliyepewa kiti kabla ya mwenyeji kutoka chumbani, wala haikuonesha dalili ya kuaga. Dirisha lilikuwa limeanza kuingiza weupe. Soksi za wenzake zilining'inia kwenye kamba iliyofungwa kutoka komeo la dirisha hadi mlango wa kabati, na chini yake ziliegemezwa baiskeli tatu ambazo fundi hakukubali zilale nje. Alitawadha, akasali, akakaa juu ya mswala muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliomba kwa mpango mzuri, akianza na wazazi na kumalizia na waja wote, lakini kila alipofika mwisho ulimi ulirudi wenyewe kwenye ombi moja: Ya Rabi, nisianguke leo.

Wenzake walimwita Bibi Breki, na jina lilimkaa sawasawa. Katika kupanda mlima hapakuwa na mwanamke wa kumgusa. Alipanda kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake, kimya, bila kutikisa mabega, akiwaacha nyuma wasichana waliomzidi kwa ujana na kwa ubora wa baiskeli. Lakini mlima ulipogeuka kuwa mteremko, naye aligeuka kuwa mtu mwingine. Vidole viliganda juu ya breki, mabega yakapanda hadi masikioni, na wale aliowaacha huko juu wakampita mmoja baada ya mmoja wakimwamkia. "Shikamoo Bibi. Tutangulie tukakutengenezee kitanda?" Utani huo ulibuniwa na Kinda, mdogo kuliko wote katika timu na mpenzi wa mteremko kuliko wote, naye Bibi Breki aliupokea kwa kicheko ambacho hakikufika machoni.

Hakuzaliwa hivyo. Aliingiwa na hali hiyo mwaka uliopita, kwenye kona ya nne ya mlima uleule waliokuwa wakienda kushindania siku hiyo. Pikipiki ya televisheni ilimsogelea mno, mpiga picha akiwa ameketi kinyumenyume na kamera begani, naye kwa kupepesa jicho tu akaitazama ile lenzi. Barabara ikakata kona, yeye asikate. Aliokotwa katika mtaro wa mawe, bega limevunjika, meno mawili hayapo. Na laiti mambo yangeishia mtaroni. Picha za anguko lile zilioneshwa jioni hiyo katika habari, zikaoneshwa tena kesho yake kwa mwendo wa polepole, zikaingia katika simu za watu, zikatiwa muziki. Aliyeshinda siku ile hakuna aliyemjua. Aliyeanguka walimjua hata wauza nyanya. Mama yake aliziona mara moja tu. Tangu hapo, siku ya mashindano ikifika, huifunika televisheni kwa kitambaa cha meza na kukaa ameipa mgongo.

Timu iliundwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyeshindana enzi ambazo mwanamke mshindi alizawadiwa mche wa sabuni na kuambiwa akafue. Kwa miaka mingi shangazi alizunguka ofisini kutafuta mdhamini, viatu vikiisha upande mmoja, akiambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, bosi amesafiri. Wenye makampuni walimuuliza: mnaoneshwa wapi, tutie fedha yetu mahali pasipoonekana? Akienda kwenye kituo cha televisheni aliulizwa: mnadhaminiwa na nani, tutume kamera kwa watu wasio na mwenyewe? Akawa kama mtu ambaye ufunguo wa sanduku lake umefungiwa ndani ya sanduku lenyewe.

Kilichokuja kulifungua sanduku hilo ni kiwanda cha magodoro, na kilikuja baada ya anguko. Afisa masoko wake, kijana wa viatu vinavyong'aa na sauti laini, alimtembelea Bibi Breki angali na bandeji, akasema kwa adabu kubwa kwamba ajali ile iliwafungua macho. Wakapata jezi mpya, gari, baiskeli na posho. Jina la godoro likaandikwa vifuani mwao kwa herufi nene. Timu nyingine ziliwaita Wauza Usingizi na kuwauliza mito wameiacha wapi, wao hawakujali. Mwenye kula hachukizwi na jina la mpishi wake, shangazi aliwaambia, nao wakacheka.

Sasa mkataba ulikuwa unafika ukingoni. Wiki iliyotangulia shangazi na mpwa wake waliitwa kiwandani, wakakalishwa katika chumba kilichonuka gundi na sponji, na yule afisa akawaeleza bila kuzunguka. Mwenye kiwanda alikuwa hajaliona jina lake kwenye televisheni hata mara moja tangu atie saini. Kwa msimu mzima ni mashindano haya peke yake yatakayorushwa moja kwa moja. Akiliona jina lake, likisomeka, atatia saini tena. Asipoliona, basi.

"Ushindi si lazima, mama," afisa alimwambia shangazi. "Sisi tunahitaji kuonekana tu. Mwaka jana, kwa mfano, mlionekana sana."

Alisema huku akitabasamu, na haikujulikana kama alielewa alichokisema. Shangazi alizitazama kucha zake. Bibi Breki alianza kuzihesabu kona za ule mteremko, na tangu dakika ile hadi asubuhi hii ya mashindano alikuwa hajaacha kuzihesabu.

Maana alijua kuonekana kulivyopangwa. Wanaume na wanawake hushindana siku moja, barabara moja, wanaume wakitangulia. Pikipiki zote za kamera hufuatana na wanaume tangu mwanzo hadi utepe. Wakishamaliza, pikipiki moja hurudishwa kileleni kuwangoja wanawake. Yote wayafanyayo kabla ya hapo, jasho na hila na machozi, hayana shahidi ila Mola na wachungaji wa kandokando ya barabara. Kwa macho ya watazamaji mbio za wanawake huzaliwa kileleni, zikaishi muda wa kuteremka, zikafa mjini. Kwa hiyo atakaye kuonekana hana budi awe wa kwanza kileleni, kisha ateremke mbele ya kamera.

Mpango wa awali ulikuwa mzuri. Bibi Breki angemkokota Kinda nyuma ya gurudumu lake, akimkinga upepo hadi juu, na Kinda, asiyejua woga ni nini, angeteremka na jina lao kifuani. Lakini Kinda aliteleza kwenye mchanga katika mazoezi akavunja mfupa wa bega, na waliobaki hakuna aliyeweza kufika juu miongoni mwa wa kwanza. Shangazi alimwita mpwa wake baada ya chakula, akamshika kiganja, akamwambia kwamba hamlazimishi. Kulazimishwa kungekuwa nafuu. Mtu aliyelazimishwa huwa na wa kumlaumu.

Ndivyo alivyofika uwanja wa kuanzia, akaenda nyuma ya lori la televisheni palipokuwa na bomba kujaza chupa zake. Hapo akamkuta mpiga picha akikaza mikanda inayomfunga kwenye kiti cha pikipiki. Alikuwa yuleyule wa mwaka jana. Walitambuana mara moja, kama watu waliowahi kuzama katika chombo kimoja.

Mpiga picha alimuuliza bega linaendeleaje. Akamjibu kwamba linatabiri mvua vizuri kuliko wenzake wa kituoni, na yule bwana akajaribu kucheka ikamshinda. Wakaongea kidogo. Yule bwana akamweleza kwamba si yeye anayezichagua picha. Ndani ya lori mna mwongozaji anayemsemesha masikioni tangu mwanzo hadi mwisho, sogea, rudi, mshike huyo, usimwachie. Mwaka jana alipoambiwa asikate picha, hakukata. Alilisema neno hilo akiwa ameinamia mikanda yake.

Bibi Breki hakuwa amekusudia kuomba chochote. Hofu ndiyo iliyoomba, ikatumia ulimi wake.

"Kaka, leo kwenye kona usinisogelee. Nakuomba kwa Mungu. Kaa mbali nami."

Mpiga picha aliweka mkono kifuani. "Sikusogelei, dada. Hata wakinipigia kelele huku masikioni. Umeniomba, basi."

Aliondoka pale mwepesi kama aliyetua mzigo. Kwamba shangazi hakuambiwa, alijieleza kuwa hapakuwa na nafasi. Kwamba kamera ikikaa mbali jina halitasomeka, alijieleza kuwa aliomba kwenye kona tu, na katikati ya kona na kona pana vipande vilivyonyooka. Alikuwa ameupanda na kuuteremka mlima ule mara nyingi, akijua fika kwamba vipande hivyo ni vifupi kama pumzi ya mgonjwa. Lakini mtu mwenye hofu hujidanganya kwa ustadi, maana mdanganyaji na mdanganywa hulala kitanda kimoja.

Mbio zilianza. Nyanda za mwanzo zilipita kwa vumbi na upepo wa ubavuni, wasichana wamejibana katika msafara, magurudumu yakikaribia kugusana. Masikioni alikuwa na kile kidude kinachomletea sauti ya shangazi kutoka kwenye gari la timu, na pembeni ya sauti hiyo alisikia pia sauti ya Kinda, aliyepakiwa kiti cha mbele, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa kama tanga, kazi yake ikiwa kuangalia matangazo katika simu na kutoa habari. Habari zilikuwa za wanaume. Wanaume wako mjini, wanaume wanakata utepe, wanaume wanamwagiana maji.

Mlima ulipoanza, msafara ulikatika kama uzi mbovu. Bibi Breki alipanda. Jua lilimpiga kisogoni na lami ikamrudishia joto usoni, akafanya wafanyavyo wote wanapopanda katika jua: akaivuta zipu ya jezi chini hadi tumboni, upepo uingie. Mmoja mmoja walibaki nyuma, hadi akawa na msichana mrefu wa timu ya benki peke yake. Timu hiyo ilikuwa na magari matatu na mpishi wake. Wakapanda bega kwa bega, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake. Ile ya msichana wa benki ilipoanza kukwaruza, Bibi Breki alisimama juu ya pedali akaondoka. Kwa muda ule mfupi hakuwa na hofu. Kupanda kulimwia kama ibada, mwili wote ukisema neno moja.

Kisha akakiona kilele, na hofu ikawa imesimama pale inamngoja, pamoja na pikipiki.

Taa nyekundu ya kamera iliwaka. Dereva wa pikipiki alitia gia, na mbio za wanawake zikazaliwa.

"Uko peke yako, mwanangu," shangazi alisema masikioni. "Hongera. Sasa waone."

Barabara ikaanguka mbele yake. Hakuna neno jingine; ilianguka, na yeye juu yake. Upepo ulimjaa masikioni, machozi yakamtoka kwa kasi, vidole vikajifunga juu ya breki kabla hajaviamuru. Kona ya kwanza aliipita kama mzee anayeshuka ngazi zilizolowa maji. Pikipiki ilikuwa mbele huko, mbali, imekwisha kuvuka kona ya pili. Mpiga picha alikuwa ametimiza ahadi yake kwa uaminifu wote, na katika vile vipande vilivyonyooka hapakuwa na nafasi ya kurudi karibu hata kama angetaka.

Shangazi akasema Kinda analalamika. Anasema Bibi anaonekana kama sisimizi juu ya mkeka. Kinachoonekana ni mlima, mawe na kidoa kinachotambaa. "Mbona huyu bwana hasogei? Ana nini leo?"

Bibi Breki peke yake alijua ana nini. Mgongoni jina lilikuwepo pia, lakini kitambaa cha namba ya mashindano kilikuwa kimebanwa kwa pini juu yake. Ni kifuani tu palipobaki. Akainamisha macho kukitazama kifua chake. Zipu ilikuwa wazi vilevile alivyoiacha. Jezi ilikuwa imepasuka pande mbili, nusu ya jina ikipigapiga kwapa la kulia, nusu ikipigapiga kwapa la kushoto. Hata kamera ingekuwa mapajani mwake, pasingesomeka kitu.

Kona ya pili. Breki zililia.

Alitambua kwamba angeweza kuliacha jambo hili lipite. Angeteremka polepole hadi chini, angefika na mifupa yake kamili, mkataba ungekufa, na shangazi angemlaumu mpiga picha hadi mwisho wa uhai wake. Wa kuijua siri wangekuwa watatu: yeye, yule bwana, na Yule asiyesahau. Akawaza wenzake waliomo njiani nyuma yake. Mmoja aliacha cherehani ya watu ili aendeshe baiskeli. Mmoja alikuwa akiwasomesha wadogo zake kwa ile posho. Akawaza miaka ya shangazi, viatu vilivyoisha upande mmoja. Mawazo hayo hayakumtia ushujaa wowote. Yalimwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, na hofu mbili hizo zikasukumana ndani yake, hadi moja ikaishinda nyenziwe kwa unywele.

Akauamuru mkono wa kushoto uache usukani. Ukakataa. Akauamuru tena, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefungua ngumi ya mtoto mchanga, nao ukaachia. Gurudumu la mbele likatikisika. Akauinua mkono ule juu hewani, akaupungia mbele: njoo.

Kule mbali mpiga picha alitikisa kichwa.

Akapunga tena, mkono wote, kwa amri. Njoo. Alimwona akisita, alimwona ameacha kutazama ndani ya kamera, anamtazama yeye kwa macho yake. Kisha yule bwana akampiga dereva begani mara mbili. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikakua, ikakua, hadi harufu ya moshi wake ikamfika puani na lile jicho jeusi la kioo likawa mbele yake, karibu kama lilivyokuwa mwaka jana.

Mkono ulikuwa ungali hewani. Aliushusha si kwenye breki bali kwenye zipu, akavuta. Zipu ilipanda kidogo ikauma kitambaa cha ndani, ikakataa. Mbele aliiona kona ya nne ikija. Aliyajua mawe yake. Kona ya tatu ilipita lini hakujua na hatajua. Akaishusha zipu, akaivuta tena, ikauma tena. Masikioni Kinda alikuwa akisema kitu kwa pumzi za juujuu na shangazi akimnyamazisha. Akaivuta mara nyingine kwa nguvu zote, ikapanda hadi kooni ikachana hata ngozi ya kidevu, na pande mbili za jina zikakutana.

Mkono ukairudia breki ukiwa umechelewa. Kona ilikuwa imefika. Gurudumu la nyuma liliteleza, likaimba juu ya changarawe, baiskeli ikalala upande wa mtaro, na kwa kiasi cha kutamka shahada, naye aliitamka, hakuwa mtu wa juu ya baiskeli wala mtu wa chini ya baiskeli. Aliyaona mawe. Aliuona mmea mdogo uliojiotea katikati ya mawe mawili. Kisha tairi ikashika lami, mwili ukasimama, na kona ikawa nyuma yake.

Kamera haikuondoka. Haikuondoka kona ya tano wala zilizofuata, na katika kona hizo zote hapakutokea muujiza wowote. Hakugeuka jasiri. Alifunga breki kama alivyozifunga mwaka mzima, meno yalimgonganagongana, na jina la godoro likakaa kifuani pake limenyooka, likisomeka, mbele ya nchi nzima. Karibu na nyumba za kwanza za mjini msichana wa benki alimpita, kisha wengine kundi zima. Akawaacha wapite. Alikata utepe nyuma yao, na alikuwa wa ngapi hata yeye hakuuliza.

Shangazi alimkuta ameegemea ukuta, baiskeli ingali mikononi. Fundi alijaribu kuichukua akashindwa, kwa kuwa vidole havikukubali kufunguka. Ikabidi vitolewe kimoja kimoja, naye akivitazama kama vya mtu mwingine. Shangazi alimkumbatia, mtandio umemteremka mabegani, na jasho lao likachanganyika. Hakumuuliza kwa nini mpiga picha alikaa mbali, wala kwa nini kisha akaja. Labda alikuwa amekwisha kuelewa. Watu wa makamo yake huyaacha baadhi ya mambo bila kuyauliza.

Simu ikaita. Alikuwa afisa masoko, na furaha yake ilisikika hadi kwa waliokaa kando. Bosi ameona. Bosi alisimama kwenye kiti chake. Pale kwenye kona aliacha kijiko hewani. Kituo kimekwisha kuirudia picha ile mara tatu, na jina linasomeka wazi kabisa, herufi kwa herufi, wakati baiskeli inateleza. Saini ipo, mwaka mmoja zaidi. Bosi ametaka jambo moja tu, mwakani iwe hivyohivyo.

Wasichana walipiga vigelegele. Yule wa cherehani alikaa chini barabarani akalia. Bibi Breki aliisikia furaha yao kama mtu aliye ndani ya nyumba anayesikia harusi ya jirani. Alikuwa bado anateremka. Kila alipofumba macho mawe yalikuja.

Kinda alimfikia akitembea kwa haraka, simu mkononi, lile tanga la mkono likimpiga shingoni. Akamwonesha picha. Pale, pale, tazama ulivyolala, hata mimi nilijua umekwenda. Macho yake yalimeremeta kwa uzuri wa kutisha.

"Mwakani bega langu litakuwa limepona," alisema. "Niachie mimi. Wallahi nitamwambia asogee mpaka niiguse hiyo kamera yake. Wataona nini maana ya kuteleza."

Bibi Breki alimtazama shingo. Ilikuwa nyembamba, na fundo la tanga lilikuwa limeacha alama nyekundu nyuma yake. Hapo hofu aliyoamka nayo, ambayo alikwisha kuizoea kama maumivu ya jino, iliinuka kifuani mwake, ikahamia kwa mtoto yule, ikawa kubwa mara dufu. Maana yeye aliteleza kwa bahati mbaya. Huyu angeteleza kwa makusudi, na wangempigia makofi, na mwaka baada ya huo wangetaka zaidi.

Shangazi alikuwa akimwashiria. Afisa alitaka kusema naye mwenyewe. Kwa kuwa vidole vyake vilikuwa havijaweza kushika, shangazi akamwekea simu sikioni. Sauti laini ikampongeza, ikampongeza tena, kisha ikauliza jambo la kawaida tu: wanataka kutengeneza mabango ya mwaka ujao, na wangependa kujua mapema ni nani atakayetangulia kwenye ule mteremko. Kwa sababu bosi amesikia kuna binti mdogo anayeteremka kama umeme.

Kinda alikuwa amesikia. Alijigusa kifua kwa mkono mzima, akamwomba kwa midomo bila sauti: mimi, mimi.

"Ni mimi," alisema Bibi Breki kwenye simu. "Mteremko ule ni wangu. Mwandike hivyo kwenye mkataba wenu, na mwaka wa baada ya huo pia."

"Una choyo, wewe," Kinda alisema, akageuka, akaingia garini, akakaa dirishani.

Hakusema naye njia nzima. Alipopewa maji hakuyapokea. Alipoitwa kucheka na wenzake aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Bibi Breki alikaa kiti cha nyuma yake, mikono imezungushiwa taulo bichi. Gari lilipokata kona, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu ukitafuta breki isiyokuwepo, na macho yake yakaikimbilia ile shingo iliyokuwa mbele yake, akaikuta ipo, imenyooka kwa hasira, nzima. Wengine walimnong'oneza amsemeshe mtoto, amweleze, wapatane kabla ya kufika nyumbani. Alitikisa kichwa, akamwacha anune.